Pazia la Magunia ya Unga

Jina lake nililifuta mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na mpaka leo nikikumbuka namshukuru Mungu kwamba yule mama hakufa. Alikuwa akikaa na mjukuu mmoja wa darasa la pili katika chumba cha mabati mtaani Manyatta, Kisumu, na chakula chao cha wiki kilitoka kwetu kila Alhamisi. Hayo yote niliyajua. Lakini alikuwa amekosa kuja mara tatu, na sheria ilisema mara tatu, na sheria yenyewe niliitunga mimi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, miaka ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Watoto waliniogopa, wazazi waliniogopa, na marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba hata kuku wa nyumba hii hutembea kwa mstari. Nilipostaafu nilikaa nyumbani miezi minne nikigombana na redio. Ndipo wanawake wa kanisani wakaniambia kuna watu wanakusanya chakula mjini na kuwagawia wenye njaa. Kazi nzuri, wakasema, ila hakuna anayejua nani amepewa na nani hajapewa. Mmoja anapokea katika vituo vitatu na jirani yake analala na njaa. Nilikwenda siku hiyo hiyo na rejista mpya kwapani.

Wenyewe walijiita mtandao wa chakula, lakini mtaani tuliitwa Benki. Mwezi wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja amevaa koti, ameshika nakala ya kitambulisho, akaniomba mkopo wa kununua injini ya boti. Nikampa maharagwe. Aliyatazama kwa muda, akauliza kama hayo ndiyo yote, kisha akayachukua na kuniaga kwa heshima.

Kazi ilikwenda hivi. Kina mama wa soko la Kondele, wakifunga vibanda jioni, walituachia mboga za sukuma na nyanya ambazo kesho yake zisingeuzika. Hekalu la Wahindi lilileta ndengu, msikiti ukaleta mchele, makanisa yakatoa maharagwe na kumbi za kugawia. Wenye nyumba kubwa za Milimani walituchumia parachichi za miti yao, na mara nyingine walitupatia vitu ambavyo nadhani hata wao hawakujua ni nini. Niliwahi kupokea mkebe wa zeituni. Nani wa Manyatta anakula zeituni? Tulionja sisi wenyewe nyuma ya stoo, tukatema, tukacheka mpaka machozi.

Unga ulitoka kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye kinu. Babu yake alizaliwa hapa hapa Kisumu, na Kijaluo chake ni kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Lori lake ndilo lililokwenda Usenge kila Alhamisi alfajiri kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani. Kule ufuoni wanawake wanaoanika omena walikuwa wamekubaliana kila mmoja atutengee kopo moja katika mzigo wake. Kopo moja halionekani, lakini wanawake wa ufuo ule ni wengi, na lori halikurudi tupu hata siku moja.

Tulikuwa na vituo saba. Mimi nilipewa cha Manyatta, katika ukumbi wa kanisa, na hapo ndipo nilipomjua yule mama. Alitoka upande wa Nyando. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumbani kwake yakakaa, na shamba likawa mahali pa viboko. Mwanawe wa kiume alikuwa amekwisha kufa, akamwachia yule mjukuu. Bintiye alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani. Kila Alhamisi mama alikuwa wa kwanza mlangoni, ana mfuko wa bluu wa nailoni na kitambaa cheupe kichwani, na akishapokea haondoki, anakuja kukaa kwenye benchi langu. Alinizidi miaka michache tu, lakini alinikemea kama mtoto.

"Japuonj," aliniambia siku ya kwanza, yaani mwalimu, "andika jina yangu vizuri. Wasikuje kufikiri mimi ni mwanaume."

Nilimpenda. Mimi si mtu wa kupenda watu haraka, lakini yule nilimpenda.

Mvua za mwaka ule ziliezua paa la ukumbi. Mzee wa kinu akatuazima stoo yake moja Kondele, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mwendo wa dakika kumi tu kutoka pale tulipokuwa. Stoo ilikuwa na mpimaji wake tayari. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye ndevu, fundi wa mawe ambaye kazi zilikuwa zimemkauka. Mke wake alikuwa nje ya nchi na yeye alikuwa amebaki na watoto wawili. Wapimaji hawakulipwa, kila mmoja alipewa pakiti moja ya unga ikifika jioni.

Niseme ukweli, sijapata kuona mpimaji kama yule. Chakula chetu tunapima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao soko zima linautumia, na gorogoro ndilo linaloleta vita. Mmoja anabonyeza mkebe ndani, mwingine anamjazia shemeji yake kichuguu. Huyu alijaza, akapitisha kijiti juu, akamimina. Jirani, mgeni, mchungaji, wote kijiti. Hakuna aliyenung'unika kwenye mstari wake, nami nilimjivunia kama mtu niliyemzaa.

Alhamisi ya kwanza pale Kondele, mama alikuja. Nilimwona akiingia langoni na mfuko wake wa bluu. Akasimama. Alivuta kitambaa chake mbele kidogo, akageuka, akaanza kurudi alikotoka. Nikadhani amesahau kadi yake yenye nambari ya kupokelea chakula.

"Mama!" nikapaza sauti. "Kadi si lazima, rudi!"

Akapunga mkono bila kugeuka. Wakati huo huo mstari ulikuwa umesimama, kwa sababu mpimaji wangu alikuwa ameinama nyuma ya magunia akitafuta kitu kisichopatikana. Nilimkaripia. Nikamwambia watu wana jua utosini na yeye anacheza kujificha na magunia. Aliinuka, akaangalia langoni kwanza, ndipo akaendelea.

Jioni tulipokuwa tukifagia, alinijia.

"Mwalimu, Alhamisi mimi nataka niende na lori Usenge."

"Kuna nini Usenge?"

"Hakuna kitu."

"Basi kama hakuna kitu, baki hapa."

Juma la pili mama hakuja, na mpimaji akaniomba tena. Safari hiyo nilimcheka. Nilimwambia najua wanaume wanaotaka kwenda Usenge; wanataka kukaa ufuoni wakila samaki ngege wa kuchoma huku wanawake wakipakia magunia. Alicheka kidogo, kwa adabu, akasema si hivyo. Juma la tatu mama hakuja. Mpimaji akaomba mara ya tatu, tena mbele ya mzee wa kinu, na mzee akamtetea.

"Mwalimu, gari yangu inataka mtu ya nguvu. Dereva yangu mgongo iko mbaya. Kwa nini unakataa?"

"Kwa sababu huku gorogoro linataka mtu wa haki," nikajibu, "na mgongo wa dereva wako si kazi yangu."

Nilikwenda nyumbani nimeridhika na jibu langu. Nikanywa chai, nikafungua rejista, nikaona safu ya mama ina misalaba mitatu. Nilichukua kalamu nyekundu. Nilisikitika kidogo, nikajiambia pengine bintiye ameanza kutuma pesa za kutosha, kisha nikapiga mstari juu ya jina lile nililoambiwa niliandike vizuri. Nafasi yake nikampa mwanamke mmoja kijana ambaye alikuwa akisubiri tangu kabla ya mvua.

Alhamisi iliyofuata yule mwanamke akaja, mtoto mgongoni. Aliangalia kadi, akaangalia kitabu changu.

"Mwalimu, hii namba si ni ya dani?"

Dani ni nyanya, yaani bibi. Nikamuuliza dani yupi, akanitajia mwenye mfuko wa bluu. Walikuwa wapangaji wa ploti moja, mlango kwa mlango.

"Ameacha kuja," nikasema.

"Aliniambia anapata chakula mahali ingine. Lakini yawa, jamani mwalimu, hiyo jiko yake mimi sioni ikiwaka. Juzi alianguka pale kwa bomba ya maji. Leo asubuhi sijamsikia."

Rejista nilimsukumia mzee wa kinu, nikatoka na kuita boda boda wa kwanza niliyemwona. Mimi huwa sipandi boda boda. Siku hiyo nilipanda upande mmoja, sketi yangu ya kanisani na yote, nikamwambia kijana aende haraka, naye akatii kuliko nilivyotaka. Njia nzima nilikuwa nikimwona mama akipunga mkono bila kugeuka. Nilikuwa nikiomba, na sala yenyewe haikuwa na adabu. Nilimwambia Mungu asithubutu.

Ploti ile ina milango minane imeelekeana. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena kwa ngumi, nikaita jina lake kwa sauti ile niliyokuwa nikiitia watoto walio upande wa pili wa uwanja. Kimya. Jirani mmoja akatoa kichwa. Nikaanza kuangalia mlango kwa jicho la mtu anayetafuta pa kupiga teke.

"Ni nani huyo anapiga kelele namna hiyo?" sauti ikatoka ndani. "Ni kanjo ama?"

Niliketi chini. Pale pale kwenye kizingiti, mbele ya watu wa ploti, mwalimu mkuu mstaafu, nikaketi kwenye vumbi na kulia. Kanjo ni askari wa jiji wanaofukuza wachuuzi, na sijawahi kufurahi kutukanwa kama nilivyofurahi siku ile.

Alipofungua nilimwona amekonda shingo yote. Alikuwa akijishika kwenye mlango. Mjukuu alikuwa shuleni, ambako hupewa chakula cha mchana, na hilo lilinipa pumzi. Jiko lilikuwa baridi. Juu ya meza kulikuwa na pakiti ya unga imekunjwa vizuri mdomoni, imebaki robo. Aliniambia mtoto hupewa uji asubuhi na uji jioni, na yeye hunywa kinachobaki kwenye sufuria.

Nilianza kugomba. Ndiyo tabia yangu; nikiogopa nagomba. Nilimwambia amenidharau, kwamba chakula kipo, stoo imejaa, na yeye analala njaa dakika kumi kutoka kwa gunia. Nikamwuliza kwa nini aligeuka langoni. Aliningoja nimalize maneno yangu yote, na nilikuwa nayo mengi.

"Japuonj," akasema, "ni nani anapima leo?"

Nikamweleza: yule fundi, mrefu, mwenye ndevu.

"Huyo ni ora. Ndiye ameoa msichana yangu."

Ora maana yake ni "mkwe wangu". Hakuongeza neno, na hakuhitaji kuongeza, kwa sababu mimi mwenyewe nina wakwe wawili. Kwetu mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe. Mkwe hamwoni akitafuna, sembuse akinyoosha mfuko kuomba. Mkwe wangu akija nyumbani, yeye hula sebuleni na mimi hula jikoni, na pazia limeshuka kati yetu, na hakuna anayeona ajabu. Krismasi iliyopita nilikula nimesimama kando ya jiko, nikisikia wanavyocheka upande wa pili, na nilikuwa na furaha tele. Niliyajua haya yote tangu nikiwa msichana. Lakini pale stoo nilikuwa nimeona rejista na gorogoro, sikuona watu.

"Na hii unga?" nikamwuliza, maana pakiti ile niliijua, ilikuwa ya kinu chetu.

"Kuna boda boda analeta. Kila Alhamisi jioni. Anasema ni ya kanisa."

"Kanisa gani?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza."

Tulitazamana. Kila Alhamisi jioni mpimaji wangu hupewa pakiti moja, na ana watoto wawili. Mama aliangalia dirishani, akarekebisha kitambaa chake. Niliamua kwamba kama yeye hajui, basi mimi pia sijui.

Nilimnunulia maziwa, mkate na ndizi kwenye kibanda cha karibu, nikakaa nikihakikisha anakula. Alinifukuza mara mbili. Nilikataa kuondoka mpaka alipomaliza kikombe cha pili, na rangi ikaanza kumrudia usoni. Nilitoka pale nikitembea kwa miguu, sikutaka boda boda tena, na nilikuwa mwepesi kana kwamba nimetuliwa gunia.

Nilipofika stoo, mstari ulikuwa umeisha. Mpimaji alikuwa akikung'uta magunia. Nilimwita nyuma ya mlango, na kwa mara nyingine nikaanza kwa kugomba.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alijua papo hapo ninazungumzia nini. Aliweka gunia chini.

"Ningesema nini, mwalimu? Nisimame mbele ya watu niseme maro wangu ana njaa na mimi niko hapa na gorogoro mkononi?" Maro ni mama mkwe. "Nilisema naenda Usenge. Nilisema mara tatu."

"Ulisema mara tatu," nikakubali.

"Yuko sawa?"

"Amekunywa maziwa. Amenitukana."

Alicheka, kisha akageuka upande wa ukuta. Nikamwachia nafasi. Nilikwenda kumwomba mzee wa kinu msamaha kuhusu dereva wake na mgongo.

Alhamisi iliyofuata mpimaji alikwenda Usenge na lori, mama akarudi kwenye mstari, nami nikapima. Haikuwa siku nzuri kwangu. Watu walisema mkono wa mwalimu ni mfupi. Mmoja akasema ninapima kana kwamba natoa alama za mtihani. Lakini mfuko wa bluu ulijaa, na mama akakaa kwenye benchi akinieleza makosa yangu moja baada ya jingine. Sheria ya mara tatu niliifuta kwa kalamu ile ile. Sasa mtu akikosa mara moja, jirani yake anapewa kazi ya kumtembelea kabla ya jua kuzama.

Mambo yalikwenda hivyo hadi serikali ilipofunga uvuvi wa omena, kama inavyofanya kila mwaka ili samaki wazaane. Lori halikuwa na sababu ya kwenda Usenge. Mpimaji akaniambia atabaki nyumbani Alhamisi mpaka msimu ufunguliwe. Alisema hivyo kwa utulivu, lakini kubaki nyumbani maana yake ni kukosa ile pakiti moja, na wote wawili tulijua hivyo. Mama naye alituma neno kwa jirani yake: kama kijana anarudi kupima, asisumbuliwe, yeye atakaa nyumbani.

Nilikasirika. Nilikuwa nimepata mpimaji wa haki na mama mwenye njaa, na adabu yao ilikuwa inanipokonya wote wawili, na sikuweza kumlaumu hata mmoja, kwa maana ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Nilimweleza mzee wa kinu, nikidhani nitahitaji kutwa nzima kumfafanulia mila. Alinikatiza katikati.

"Mama yangu mzazi," akasema, "miaka yote baba ya baba yangu alikuwa hai, hakuonyesha yeye uso. Akiingia, anavuta nguo mpaka hapa." Akajishika kidevuni. "Anampa yeye chapati, mkono tu inaonekana. Hiyo dirisha ya stoo iko na kazi gani?"

Dirisha la stoo lilikuwa pana, linatazama uani, na tulikuwa tumeegemeza mafagio pale. Mzee alitaka kuleta kitambaa kizuri kutoka dukani kwa ndugu yake. Nilimwambia aweke kitambaa chake, nikachukua magunia matupu manne ya unga, nikayafua, nikayashona kwa mkono usiku mmoja nikisikiliza redio bila kugombana nayo. Pazia lilishuka kutoka juu ya dirisha likaacha kiganja kimoja tu juu ya kizingiti chake. Mtu akisimama nje anaingiza mfuko wake chini ya pazia, unajazwa, unarudishwa. Wa ndani haoni uso. Wa nje hajui ni nani anapima. Nambari ziliitwa na mimi, nikiwa nimekaa ndani karibu na mlango, kadi zikipitishwa chini pamoja na mfuko.

Sikutangaza sababu. Nilisema ni kwa ajili ya vumbi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mikono mipya. Juma la pili la pazia tulianza kupata kadi za watu ambao viongozi wa vituo walikuwa wamewaandikisha zamani na hawakuwahi kufika. Niliona mkono wa mwanaume wenye saa nzuri isiyotembea. Niliona mikono yenye weupe wa chaki. Weupe huo naujua, hauishi hata ukistaafu, na nilijua vizuri ni mwalimu gani wa darasa la nne alikuwa na kidole gumba kilichopinda vile. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja cha walimu miaka kumi na moja. Niliita nambari yake kwa sauti isiyo yangu. Mpimaji alijaza, akapitisha kijiti, akasukuma mfuko nje. Nilifurahi mno kwamba amekuja, na nilifurahi kwamba hakuniona nikifurahi.

Mama alikuja juma hilo hilo. Niliujua mfuko ulipoingia chini ya pazia, na mpimaji aliujua kabla yangu. Alisimama na gorogoro mkononi. Unga ukamwagika kidogo juu ya viatu vyake. Nikamwashiria kwa kichwa: endelea. Akajaza unga, akapitisha kijiti. Akajaza ndengu, akapitisha kijiti. Hakuongeza hata punje, na najua ilimgharimu. Akausukuma mfuko nje kwa vidole viwili, taratibu.

Mfuko ulichukuliwa, lakini viatu vya mama, tulivyokuwa tukiviona kwenye mwanya wa ukuta, havikuondoka.

"Mama," akaita kutoka nje, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwanamke asiyemfahamu.

Mpimaji alinitazama. Macho yalikuwa yamemtoka. Nikainua mabega; huyo hakuwa mkwe wangu. Akasafisha koo, na yule mtu mzima mwenye ndevu akatoa sauti nyembamba ambayo sikujua kwamba anayo.

"Eeh, mama."

"Kuna kijana moja anafanya kazi hapa. Huwezi kosa kumjua, ni mrefu. Ni mkwe wangu, na mimi siwezi simama na yeye niongee maneno ya chakula. Wewe ukimwona, mwambie sisi tumekula. Mtoto amekula na mimi nimekula. Hata ile unga ya boda boda, mwambie ilifika. Tulikula yote."

Mpimaji alikuwa ameshika pazia kwa mkono mmoja, bila kulivuta.

"Nitamwambia, mama," akasema, kwa sauti ile ile nyembamba.

"Erokamano," akashukuru, na viatu vikaondoka.

Mpimaji alijifuta uso kwa mkono wenye unga, akaniomba niite nambari inayofuata.